Usiulize "malaria ngapi" tu: Damu ya mtoto inavyoonya kuhusu malaria kali

AFYA NA USAFI
Na Tabibu, Katubuka – Kigoma

 

Ndugu wasomaji, katika darsa letu la leo tutazungumzia malaria kali kwa watoto. Hatutarudia yale ambayo kila mmoja wetu anayajua, kwamba mbu ndiye anayeeneza malaria na kwamba homa ni dalili yake. Tutatazama jambo moja ambalo wazazi wengi hawalielewi vizuri, nalo ni namna damu ya mtoto inavyoweza kumwonya tabibu kwamba mtoto huyu anaelekea pabaya, hata kama muda mfupi uliopita alikuwa amekaa mgongoni kwa mama yake akitazama watu.

Mada hii inatuhusu sana sisi wa Kigoma. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya malaria wa mwaka 2017 ulionesha kuwa mkoa wetu ndio uliokuwa juu kuliko mikoa yote ya Tanzania Bara. Karibu watoto 24 katika kila 100 wenye umri wa miezi 6 hadi 59 walikutwa na vimelea vya malaria, wakati wastani wa nchi nzima ulikuwa takriban watoto 7 katika kila 100. Kwa hiyo mzazi wa Katubuka, Gungu, Mwanga au Ujiji hana budi kuijua malaria kama mvuvi anavyoujua upepo wa ziwa.

Malaria ya kawaida na malaria kali

Malaria ya kawaida ni ile ambayo mtoto ana homa, anachoka, pengine anatapika mara moja moja, lakini anajitambua, ananyonya au kunywa, na anaweza kumeza dawa ya mseto akapona kwa idhini ya Allah. Malaria kali ni pale ugonjwa unapoanza kudhuru viungo: ubongo, mapafu, figo, au damu yenyewe. Mtoto wa namna hii hatibiwi kwa vidonge nyumbani. Anahitaji sindano ya atesuneti na kuangaliwa kwa karibu hospitalini.

Hatari ya malaria kali ni haraka yake. Katika hospitali ya Kilifi, pwani ya Kenya, watafiti waliwafuatilia watoto 1,844 waliolazwa kwa malaria, na matokeo yakachapishwa mwaka 1995. Waliofariki walikuwa 64, na 54 kati yao walifariki ndani ya saa 24 tangu kulazwa. Maana yake ni kwamba mtoto anapofika hospitalini akiwa katika hali hiyo, muda uliobaki unahesabiwa kwa saa. Ndiyo sababu wataalamu wanatafuta alama ndani ya damu zitakazowatambulisha mapema watoto walio katika hatari kubwa.

Swali la "malaria ngapi"

Mtoto akishapimwa, swali la kwanza la mzazi huwa: "Daktari, ana malaria ngapi?" Akiambiwa "malaria mbili", hushusha pumzi na kusema alhamdulillah, ni ndogo. Akiambiwa "malaria hamsini", hushika kichwa. Hapa ndipo penye kosa linalogharimu maisha ya watoto.

Tuelewe kwanza namba hiyo inatoka wapi. Mtaalamu wa maabara huweka tone la damu kwenye kioo, akalipaka rangi na kulitazama kwa darubini. Huhesabu vimelea anavyoviona mpaka afikishe chembe nyeupe 200 za damu. Akiona vimelea 3, watu husema "malaria tatu". Kwa hesabu inayotumika maabara, vimelea 3 kwa chembe nyeupe 200 ni sawa na vimelea 120 katika tone dogo mno lenye ujazo wa maikrolita moja. Kwa hiyo hiyo "tatu" si daraja la ugonjwa wala si alama za mtihani.

Namba hiyo inadanganya kwa sababu kimelea cha falsiparamu, ambacho ndicho kinachoua zaidi hapa kwetu, hukua ndani ya chembe nyekundu kwa muda wa saa 48 hivi. Katika nusu ya kwanza ya muda huo chembe yenye kimelea huzunguka mwilini pamoja na damu. Katika nusu ya pili hujigandisha kwenye kuta za mishipa midogo ya ubongo, utumbo na viungo vingine. Damu tunayochukua kidoleni haina vile vilivyojificha ndani.

Mfano wake ni mitumbwi ya Kibirizi. Mtu akisimama ufukweni usiku akahesabu taa zinazowaka ziwani, atajua idadi ya mitumbwi iliyotoka kuvua usiku huo tu. Iliyovutwa nchi kavu na ile iliyofungwa nyuma ya mwamba hataiona. Hali kadhalika darubini huhesabu vimelea vilivyo "ziwani", na vile vilivyotia nanga ubongoni havimo katika hesabu hiyo. Ndiyo maana mtoto mwenye "malaria mbili" anaweza kuwa mahututi, na mwenye "malaria themanini" akawa anakula embe.

Hata hivyo, namba kubwa sana haipuuzwi. Shirika la Afya Duniani linahesabu kuwa ni malaria kali pale vimelea vinapozidi asilimia 10 ya chembe nyekundu, ambavyo ni vimelea takriban 500,000 katika maikrolita moja. Tunalosisitiza ni kwamba namba ndogo si hati ya usalama.

Aidha, kipimo cha haraka kinachofanyika zahanati, kile chenye mistari miwili, hakisemi ugonjwa ni mkali kiasi gani. Mstari ukiwa mwekundu sana au hafifu, jibu ni moja tu: alama ya kimelea imeonekana. Na alama hiyo inaweza kubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya mtoto kupona. Kwa hiyo mtoto aliyetibiwa wiki mbili zilizopita akipata homa mpya, mstari unaweza kutokea na huku homa ya sasa inatokana na nimonia. Mwambieni tabibu kila mara ni lini mtoto alitibiwa malaria mara ya mwisho.

Mambo ya kuuliza badala ya "malaria ngapi"

Kwanza, sukari ya damu. Mtoto mwenye malaria kali huishiwa sukari upesi kwa sababu hali chakula, mwili unawaka homa, na vimelea navyo vinakula sukari hiyo hiyo. Ini nalo hushindwa kutengeneza nyingine. Sukari ikishuka chini ya milimoli 2.2 kwa lita, hiyo ni alama ya malaria kali, na kwa mtoto mdogo tabibu huanza kumtibu hata kabla haijafika hapo. Ubongo bila sukari ni kama taa bila mafuta. Mtoto hulegea, hupata degedege, kisha hupoteza fahamu. Kipimo chake ni tone moja la damu na jibu hupatikana kwa dakika moja.

Pili, wingi wa damu. Vimelea hupasua chembe nyekundu, na mwili wenyewe huziharibu nyingine nyingi zisizo na vimelea. Kwa mtoto, damu ikishuka chini ya gramu 5 kwa desilita pamoja na vimelea vya kutosha, ni malaria kali. Dalili yake nyumbani ni weupe wa viganja, midomo na ndani ya kope. Mzazi alinganishe kiganja cha mtoto na cha kwake.

Tatu, asidi ya damu. Hii wazazi wengi hawajaisikia. Mishipa midogo ikizibwa na chembe zilizoganda, nyama za mwili hukosa hewa safi. Zikikosa hewa, hutengeneza asidi iitwayo lakteti, ile ile inayojaa kwenye misuli ya mtu aliyekimbia mbio ndefu. Mkimbiaji akipumzika asidi huondoka, lakini kwa mtoto huyu mishipa bado imezibwa. Lakteti ikifika milimoli 5 kwa lita au zaidi, hiyo ni alama kubwa ya hatari. Mwili hujaribu kuitoa asidi kwa kupumua, na ndiyo maana mtoto huvuta pumzi ndefu na nzito kama aliyepanda mlima. Wengi hudhani ni kifua. Si kila hospitali yenye kipimo cha lakteti, lakini pumzi hiyo kila mama anaweza kuiona.

Nne, figo, manjano na chembe za kugandisha damu. Urea na kreatinini zikipanda, figo zinalemewa. Manjano ya macho huonesha chembe nyingi zimepasuka au ini limeguswa. Hospitali yenye mashine ya kuhesabu chembe itaona pia kama chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, zimepungua. Kupungua kwake ni kwa kawaida katika malaria, na zikipungua mno tabibu huongeza tahadhari.

Utafiti mkubwa uliofanyika katika nchi 9 za Afrika, ikiwemo Tanzania kupitia hospitali kama Teule ya Muheza mkoani Tanga, uliwahusisha watoto 5,425 wenye malaria kali. Matokeo yake ya mwaka 2010 yalionesha kuwa sindano ya atesuneti inaokoa watoto wengi kuliko kwinini. Waliofariki kwa kwinini walikuwa karibu 11 katika kila 100, na kwa atesuneti 8 hadi 9. Watafiti walipochambua zaidi wakaona kuwa mambo matano ndiyo yaliyotabiri kifo kwa nguvu: asidi nyingi katika damu, kupungua kwa fahamu, degedege, urea kupanda, na mtoto kuwa na ugonjwa mwingine sugu. Tazameni, ndugu wasomaji: mawili kati ya matano hayo yanasomwa kwenye damu, na mengine yanaonekana au kujulikana na mzazi mwenyewe.

Wanachokitafuta watafiti

Wataalamu hawakuishia hapo. Mwaka 1996 ilichapishwa kazi iliyofanyika kwa watoto wa Dar es Salaam, ikaonesha kuwa watoto waliokuwa na malaria ya ubongo walikuwa na kiwango kidogo cha naitriki oksaidi, hewa ambayo mwili huitengeneza ili kuilegeza mishipa. Mwaka 2003 wakaona kuwa arjinini, ambayo ndiyo malighafi ya hewa hiyo, nayo ilikuwa imepungua kwa watoto wa Tanzania wenye malaria ya ubongo.

Mwaka 2012 ilichapishwa kazi iliyotumia damu ya watoto wa ule utafiti wa nchi 9. Walipima protini ya kimelea iitwayo HRP2, ile ile inayofanya mstari utokee kwenye kipimo cha haraka, isipokuwa safari hii walipima kiasi chake. Vimelea huimwaga ndani ya damu hata vikiwa vimejificha. Turudi Kibirizi: aliyeshindwa kuhesabu mitumbwi asubuhi aende akatazame dagaa walioanikwa mchangani, ndipo atajua uvuvi ulikuwa mkubwa kiasi gani. Iliyokuwa juu ya kiwango fulani ilikwenda pamoja na hatari ya kifo, na iliyokuwa chini sana iliashiria kuwa pengine ugonjwa mkali wa mtoto huyo una sababu nyingine.

Jirani zetu wa Uganda nao wamefanya kazi kubwa. Mwaka 2011 watafiti walionesha kwa watoto wa Kampala kwamba kuunganisha alama kadhaa za damu, ikiwemo protini iitwayo angiopoietini-2 inayotolewa na mishipa iliyoumia, kunasaidia kutambua walio karibu na kifo. Mwaka 2021 ikachapishwa kazi ya Jinja juu ya watoto zaidi ya 2,000 wenye homa, ambapo alama iitwayo sTREM-1 iliwatambua walio hatarini. Vipimo hivi si vya kawaida katika zahanati zetu. Vinatufundisha hata hivyo kwamba majibu ya mwili na ya mishipa ndiyo yanayoeleza ukali wa ugonjwa, kuliko idadi ya vimelea peke yake.

Damu haisomwi peke yake

Hapa inabidi tuwe waangalifu. Kipimo ni shahidi, na shahidi mmoja hatoshi kutoa hukumu. Tuchukue mifano mitatu.

Kule Kilifi, vipimo vya maabara vilisaidia, lakini dalili mbili tu, kupungua kwa fahamu na kupumua kwa shida, ziliwatambua watoto 84 katika kila 100 ya waliofariki. Dalili hizo hazihitaji umeme wala mashine.

Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Uganda na Malawi kuhusu watoto wenye upungufu mkubwa wa damu. Kwa wale waliokuwa na gramu 4 hadi 6 na wasio na dalili nyingine za hatari, haikuonekana tofauti ya wazi ya vifo kati ya waliotundikiwa damu papo hapo na wale walioangaliwa kwa karibu, wakatundikiwa pale tu hali ilipodai. Kwa hiyo tabibu akisema "tusubiri kidogo tukimwangalia", si lazima awe amezembea. Mradi tu anamwangalia kweli.

Na huko Malawi, mwaka 2004, walichunguzwa watoto 31 waliofariki wakidhaniwa kuwa na malaria ya ubongo. Saba kati yao walikutwa na sababu nyingine ya kifo. Kwetu Tanzania mwaka huo huo ilichapishwa kazi iliyofanyika katika hospitali 10 za kaskazini mashariki: kati ya wagonjwa waliolazwa na kutibiwa kama malaria kali, waliokutwa na vimelea walikuwa 46 tu katika kila 100. Funzo lake ni kwamba mtoto mwenye homa kali akipimwa akakutwa hana malaria, mzazi asikasirike na kudai dawa ya malaria kwa nguvu. Aulize: "Kama si malaria, ni nini?" Swali hilo ni bora kuliko ugomvi.

"Wanamkausha mtoto damu"

Wapo wazazi wanaokataa mtoto asitolewe damu, wakisema: "Damu yenyewe hana, nanyi mnaimaliza." Hofu hii inatokana na huruma, basi tuijibu kwa hesabu. Mtoto ana takriban mililita 80 za damu kwa kila kilo ya uzito. Mtoto wa kilo 10 ana mililita 800 hivi. Kichupa cha kupimia huchukua mililita 2, yaani chini ya nusu ya kijiko cha chai. Kipimo cha haraka, sukari na wingi wa damu huhitaji tone tu. Kinachomaliza damu ya mtoto ni vimelea vinavyoipasua usiku na mchana, wala si bomba la maabara.

Mzazi anayo haki ya kuuliza: "Mnapima nini, na majibu yakija mtafanya nini?" Tabibu mwema hafurahii zaidi ya kuulizwa hivyo.

Degedege, kombe na sindano

Jambo jingine ni degedege. Bado wapo wanaoamini kuwa degedege linatokana na ndege au shetani, na kwamba mtoto akichomwa sindano katika hali hiyo atakufa. Kwa ajili hiyo hufukizwa moshi wa kinyesi cha tembo, hupakwa mkojo, na saa zinakwenda. Ukweli ni kwamba mtoto huyo anaihitaji sindano kuliko mtoto mwingine yeyote. Anayefariki baada ya sindano mara nyingi alikuwa amecheleweshwa mpaka dawa ikakuta viungo vimeshaharibika.

Kuhusu kisomo, hakuna anayekataza. Mwislamu humsomea mgonjwa wake na kumwombea, na Mtume (S.A.W.) ametufundisha dua za mgonjwa. Lakini ni yeye huyo huyo aliyetuhimiza tujitibu, akatufahamisha kuwa Allah hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia na dawa. Na yule bedui aliyeuliza kama amwache ngamia wake kwa kutawakali, aliambiwa amfunge kwanza kisha atawakali. Basi mtoto wako ana thamani kuliko ngamia. Msome Al-Fatiha na dua nyingine mkiwa njiani kwenda hospitali, si mkae nyumbani mkisubiri kisomo kimalizike.

Na hapa pana onyo zito. Msimnyweshe mtoto asiyejitambua kitu chochote, iwe kombe, maji ya zamzam, uji au dawa. Mtoto aliyepoteza fahamu hawezi kumeza sawasawa, na kinywaji huingia mapafuni kikamuua kabla ya malaria. Mlazeni ubavu. Mtoto anayejitambua anyonye au anywe kidogo kidogo ili sukari isishuke. Kwa aliyelegea, wahudumu wa afya wanaweza kuelekeza sukari kijiko kimoja cha chai iliyoloweshwa kwa matone machache ya maji iwekwe chini ya ulimi, mtoto akiwa amelala ubavu, huku safari ikiendelea.

Baba yuko ziwani

Nyumba nyingi za kwetu baba ni mvuvi au mfanyabiashara. Usiku mtoto anazidiwa, baba yuko ziwani na simu haipatikani, na mama anasubiri ruhusa na nauli. Wakati huo ndio ule unaohesabiwa kwa saa. Kuhifadhi nafsi ni miongoni mwa makusudio makubwa ya sheria yetu, na Surat Al-Maaida aya ya 32 inatufahamisha uzito wa kuokoa nafsi moja. Kwa hiyo tunawausia waume: kabla ya kushika kasia, toa ruhusa ya wazi kwamba mtoto akizidiwa apelekwe, atolewe damu, achomwe sindano, na hata atundikiwe damu. Acha na akiba ya nauli mahali mama anapopajua. Walio katika vijiji vya mwambao ambako njia ni boti, wajuane mapema na mwenye boti. Upepo ukichafuka usiku hautasubiri mtafute mafuta.

Zahanati ikimpa mtoto dawa ya atesuneti kwa njia ya haja kubwa, hiyo ni ya kununua muda tu. Safari ya hospitali haifutwi hata kama homa imeshuka. Huko atapata angalau sindano tatu, ya kuanzia, ya baada ya saa 12 na ya baada ya saa 24, kisha amalizie dozi kamili ya dawa ya mseto kwa siku 3.

Kuchangia damu

Mtoto akihitaji damu, itatoka kwa nani? Benki ya damu haijazi yenyewe. Wanazuoni wengi wa zama zetu wamejuzisha kutoa damu kwa ajili ya kuokoa maisha, mradi isiuzwe na mtoaji asidhurike. Anayefunga Ramadhani na kuona shaka juu ya saumu yake, anaweza kwenda usiku au siku nyingine, kwa utaratibu wa wahusika. Kamati za misikiti yetu zingeweza kuandaa siku ya kuchangia damu kabla ya mvua, kwa kuwa mvua ndiyo inayoleta mbu, na mbu ndiye anayejaza wodi za watoto.

Baada ya kurudi nyumbani

Mtoto aliyetibiwa kwa atesuneti anaweza kupungukiwa tena na damu wiki moja hadi nne baadaye, hata kama malaria imekwisha. Arudishwe kupimwa wingi wa damu kama alivyopangiwa. Akiwa mweupe, mwenye manjano au mkojo wake ukawa mweusi kama kahawa, asisubiri tarehe ya kliniki.

Na usafi tusiusahau. Nguo iliyodondokewa damu ioshwe kwa maji kabla ya kuswalia. Maji yanayotuama mabondeni kwetu Katubuka kila masika ni mazalia ya mbu, basi tuzibue mifereji na kufukia madimbwi kwa pamoja. Chandarua kitundikwe kitandani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu Ziwa Tanganyika ulionesha kuwa kaya nyingi zilikuwa zikitumia vyandarua kuvulia samaki. Anayevulia chandarua cha mwanawe anapata dagaa wa leo, na usiku huo mtoto analala wazi.

Dalili za kukimbilia hospitali bila kusubiri

1. Mtoto hajitambui, au amelegea kupita kawaida.
2. Amepata degedege, hata mara moja.
3. Anapumua kwa shida au kwa pumzi ndefu nzito.
4. Hawezi kunyonya wala kunywa, au anatapika kila kitu.
5. Viganja na midomo vimekuwa vyeupe.
6. Macho ni ya manjano, au mkojo ni mweusi, au haendi haja ndogo.

Maswali ya kusomeana nyumbani

1. Kwa nini mtoto mwenye "malaria mbili" anaweza kuwa mahututi?
2. Taja vipimo vitatu vya damu ambavyo mzazi anapaswa kuviulizia mbali na vimelea.
3. Pumzi ndefu na nzito inaashiria nini ndani ya damu?
4. Kwa nini haifai kumnywesha kitu mtoto aliyepoteza fahamu?
5. Usiku wa leo mtoto akizidiwa, nani atampeleka, kwa usafiri gani na kwa nauli ipi?

Swali hilo la tano lijibiwe na baba na mama wakiwa pamoja, kabla jua halijatua.

Tunamwomba Allah (S.W.) awahifadhi watoto wetu, awaponye wagonjwa wetu, na atujaalie elimu yenye manufaa. Wabillahi tawfiiq.